Kura ya Nyumba

Katika kanisa letu la Waswahili hapa Iowa tumegombana kwa mengi: kwaya ipi itangulie, nani apike msibani, mahubiri yafasiriwe Kirundi au yaachwe yalivyo. Ila ugomvi uliowafanya watu wafungue Biblia wakati wa chai ulitokana na ushuhuda wa mama mmoja wa Fizi, Kongo. Alisimama Jumapili, akainua juu barua ya ofisi ya nyumba, akasema, "Walioomba walikuwa maelfu, na Mungu akachagua jina langu." Tukapiga vigelegele, nami nikiwemo. Baada ya ibada mzee mmoja wa Kalemie, naye Mkongomani, aliyeomba siku moja na huyo mama, kwenye meza moja, fomu zao zote mbili nikizijaza mimi, alinivuta pembeni akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo mimi Mungu alilisoma jina langu, akapita?"

Nilimwambia tunywe chai kwanza. Lakini swali la mzee haliishi kwa chai.

Mwalimu ni jina nililokuja nalo. Nilifundisha shule ya msingi Urambo, mkoani Tabora, kabla ya kumfuata mume wangu huku. Siku hizi usiku nawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mchana, nikishapata usingizi kidogo, nawajazia watu fomu katika chumba cha chini cha kanisa. Wengi wao ni Wakongomani waliokaa miaka na miaka Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu. Wengine ni Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, walioletwa Marekani baada ya kuzeekea Tanzania. Hawa ni watu wanaojua maisha ya mgao. Wanajua kadi, foleni, kikombe cha mafuta kinachopimwa mbele ya macho yako. Kambini mgao ukipungua, unapungua kwa wote. Kila mtu anarudi na kidogo chake, ananung'unika, anapika. Walichokuwa hawakijui ni mgao ambao mmoja anapata gunia zima na watatu wanarudi na mfuko mtupu.

Na hivyo ndivyo ilivyo nyumba ya serikali hapa. Ndugu walioko nyumbani hudhani Marekani ukiwa maskini unapewa nyumba, kwa hiyo nieleze kidogo. Kuna nyumba za umma, zilizoanza kwa sheria ya mwaka 1937, enzi za Rais Roosevelt, ambazo ofisi ya nyumba ya mji inazimiliki na kuzipangisha yenyewe. Kuna vocha, ambayo kila mtu anaiita Seksheni 8, kwa jina la kifungu kilichoingizwa na sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford mwaka 1974. Ukiwa na vocha unatafuta nyumba ya mtu binafsi. Wewe unalipa kama asilimia 30 ya kipato chako baada ya kutolewa punguzo za watoto na mengineyo, na ofisi inammalizia mwenye nyumba kiasi kilichobaki, hadi kikomo walichoweka. Kuna majengo ambayo ruzuku imefungwa kwenye jengo lenyewe, ukihama unaiacha hapo. Na tangu mwaka 1986 kuna majengo yaliyojengwa na makampuni kwa kupewa nafuu ya kodi ya serikali; hayo pango lake lina kikomo, ila halishuki kazi yako ikipungua, kwa hiyo mtu asiye na kazi hata huko hapamudu.

Kila mtu anaitaka vocha. Ili uistahili, kipato cha watu wote wa nyumba yako kwa kawaida kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo unaloishi, na sheria inataka robo tatu ya vocha mpya ziende kwa walio chini zaidi ya hapo, maskini wa maskini. Karibu kila familia ninayoijazia fomu inastahili bila ubishi. Hata hivyo, katika nchi nzima, kati ya kaya nne zinazostahili msaada wa pango ni moja hivi tu inayoupata. Vocha zinatumiwa na kaya kama milioni 2.3, na zimeishia hapo. Kwa hiyo orodha ya kungojea hujaa, hufungwa, hukaa imefungwa hata miaka. Siku ikifunguliwa, hufunguliwa kwa siku chache, watu wanaingiza majina kwa simu na kompyuta, na katika miji mingi hawaangalii nani aliwahi. Kompyuta inachanganya majina yote, inatoa namba. Walio juu wanaanza kusubiri barua. Walio chini, au walioachwa nje kabisa, wanasubiri orodha nyingine.

Ile fomu nayo ni mtihani wa imani. Inataka kila anayelala ndani ya nyumba, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya soshio sekyuriti na senti anazoingiza. Familia moja niliyoijazia, baba amezaliwa tarehe 1 Januari, mama tarehe 1 Januari, bibi tarehe 1 Januari, kwa sababu kambini asiyejua siku yake aliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka. Binti wa ofisini alinipigia simu kwa upole kunieleza kwamba labda nimekosea kubonyeza. Halafu inakuja habari ya watoto. "Huyu ni nani kwako?" Mama anajibu, "Mtoto wangu." "Umemzaa wewe?" "Mama yake ni dada yangu, alifia Fizi, mtoto ni wangu." Ofisi inataka karatasi inayoonyesha kwamba analelewa naye. Mama ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza upuuzi huo.

Kuna wanaoniambia, "Mwalimu, huyu kijana wa kiwanda cha nyama usimwandike, mshahara wake utatuharibia." Siwafokei. Najua kodi ya nyumba zao, najua kijana mwenyewe anatuma nusu ya mshahara Uvira. Ila namwandika. Ukimficha hujaidanganya serikali peke yake, maana serikali haitatoa vocha hata moja zaidi kwa sababu ya uongo wako. Vocha ni zilezile. Unayemdanganya ni mzee wa Kalemie, ambaye hakuficha kitu.

Turudi kwa mzee. Swali lake lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kama kura ni njia ya haki ya kugawa. Ya pili ni kama matokeo ya kura ni kauli ya Mungu juu ya mtu. Mama wa Fizi aliziunganisha kwa furaha, na nani amlaumu? Alikuwa amelala miaka kwenye hema, akaja akalala na watoto saba katika vyumba viwili. Lakini mwenye kushukuru kwa namna hiyo anamwachia jirani yake mzigo. Kama Mungu alinyoosha mkono akachukua jina hili, basi alinyoosha mkono akaliacha lile.

Walioshika upande wa mama walifungua Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, pale mitume walipopiga kura kumpata wa kujaza nafasi ya Yuda, ikamwangukia Mathiya. Ni hoja nzuri. Ila soma polepole. Kabla ya kura walikaa wakaweka sifa, wakapata wawili wanaofaa sawasawa, Yusufu na Mathiya, wakaomba, ndipo wakapiga. Yusufu aliyekosa hakufukuzwa, wala hatuambiwi kwamba alikuwa na kasoro. Alibaki na mahali pa kukaa kama jana yake. Na baada ya Roho kushuka, katika kitabu hichohicho, hatuwaoni tena wakipiga kura kwa jambo lolote. Wanakaa kikao, wanabishana, wanaandika barua.

Mimi hapa siongei kama mgeni wa kura. Ni Mmoravian wa kuzaliwa. Kanisa letu lilianza kazi Urambo mwaka 1898, likipokea kituo kutoka kwa wamisionari wa London, na sisi Wamoravian ndio watu wa kura kuliko Wakristo wote ninaowajua. Kila mwaka huko Herrnhut, Ujerumani, huchotwa kwa kura mistari ya Agano la Kale, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na kitabu cha maneno hayo kimechapwa kila mwaka tangu 1731. Baba yangu alituamsha, akasoma neno la siku, ndipo tukapewa uji. Hata siku neno lilipokuwa kali na halihusiani na chochote nyumbani kwetu, alilisoma kwa sauti ileile. Zamani za Zinzendorf, kiongozi wao, wazee wa Herrnhut walikwenda mbali zaidi: kijana akitaka kuoa, jambo lake lililetwa mbele ya kura, nayo ikatoa ndiyo, hapana, au ngoja. Waliamini kwa dhati kwamba Mwokozi mwenyewe ndiye anayejibu. Katika karne ya 19 desturi hiyo ya ndoa iliachwa, na Wamoravian wa Marekani walikuwa mstari wa mbele kuipinga. Neno la siku likabaki mpaka leo. Nadhani najua kwa nini lile lilikufa na hili likaishi. Kura ya neno la siku haimnyimi mtu. Anayelala Herrnhut na anayelala Urambo wanapata mstari mmoja, asubuhi moja. Kura ya ndoa ilikuwa na mtu anayerudi chumbani kwake na hapana.

Nikiwa na wazo hilo nikarudi kwenye kura kubwa kuliko zote katika Biblia, ile ya kugawa nchi ya Kanaani, ambayo ndiyo kura ya makazi hasa. Hesabu sura ya 26: kabila kubwa lipewe urithi mkubwa, dogo lipewe mdogo, halafu kura iamue ni wapi. Yaani haja ilipimwa kwanza. Kura iliulizwa swali dogo la mwisho, nani akae mlimani na nani bondeni, ili wakubwa wasijichagulie mabonde yenye maji. Huko Shilo, Yoshua alipowapigia kura makabila saba yaliyobaki, yote saba yaliondoka na ardhi. Walawi, ambao hawakupewa nchi, walipewa miji 48 ya kuishi pamoja na malisho. Hakuna kabila lililoambiwa, pole, jaribuni orodha ikifunguliwa tena.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mzee wa Kalemie aishike, na mama wa Fizi pia. Kuna kura ya kugawana kilichopo kwa wote, na kuna kura ya kuamua nani akose. Ya kwanza naweza kuiita mkono wa Mungu bila kumwumiza mtu. Ya pili ni njia ya wanadamu ya kuficha mkono wao.

Biblia inaijua hiyo ya pili nayo. Chini ya msalaba askari waligawana nguo za Yesu. Ile kanzu haikuwa na mshono, wakaona wakiichana wataiharibu, basi wakaipigia kura. Kura ile haikuwa na hila yoyote. Hakuna askari aliyemwibia mwenzake. Ndani ya duara lao kila kitu kilikwenda kwa haki kamili, na mwenye kanzu alikuwa juu yao akifa uchi. Usafi wa kura hausemi lolote kuhusu usafi wa biashara iliyoileta.

Mchungaji mmoja wa London, Thomas Gataker, aliandika kitabu kizima juu ya kura mwaka 1619. Wakati ule kulikuwa na waumini waliofundisha kwamba kila kura, hata ya mchezo, inamlazimisha Mungu kutamka moja kwa moja, kwa hiyo kuichezea ni kufuru. Gataker aliwapinga: kura ni tukio kama matukio mengine, liko chini ya utunzaji wa Mungu kama yalivyo yote, lakini si sauti maalumu kutoka mbinguni, na ni halali kuitumia kugawana vitu mradi hakuna anayedhulumiwa. Alitukanwa sana kwa hilo. Mimi nakubaliana naye. Kompyuta ya ofisi ya nyumba haiwi Urimu na Thumimu, zile kura za makuhani wa Israeli, kwa sababu tu sisi tumefunga na kuomba siku tatu.

Miaka mingi kabla ya Gataker, Mwafrika mwenzetu, Augustino wa Hippo, huko ambako leo ni Algeria, alilitazama jambo lenyewe hasa. Katika kitabu chake cha kwanza juu ya mafundisho ya Kikristo anauliza: una kitu cha ziada, wamekuja wawili wenye haja sawa, hakuna aliye ndugu yako zaidi ya mwenzake, na kitu hakiwatoshi wote. Ufanye nini? Anasema hakuna lililo la haki kuliko kuwapigia kura. Ninampenda Augustino kwa jibu hilo, kwa sababu halimpi mtoaji nafasi ya kujiona mwamuzi wa mioyo ya maskini. Lakini tazama masharti yake. Kitu ni cha ziada, na hakiwezi kuwatosha wote wawili. Augustino anamwongelea mtu ambaye amefika kweli mwisho wa mfuko wake.

Je, Marekani imefika mwisho wa mfuko? Hapa ndipo teolojia inanilazimu kusoma bajeti. Msaada wa chakula, ile kadi ambayo sote tunaiita fudi stempu, unatolewa kwa kila anayestahili: ukitimiza sifa, unapata, wala hakuna kura ya unga. Msaada wa pango haukuwekwa hivyo. Bunge hutenga kiasi fulani kila mwaka, kikiisha kimeisha, na waliobaki wanaitwa orodha. Wakati huohuo mwenye nyumba aliyekopa benki anaruhusiwa kupunguza kwenye mahesabu ya kodi yake riba ya deni la nyumba, deni la hadi dola 750,000, na wanaofaidi hasa ni wenye kipato cha juu. Hakuna orodha ya kungojea nafuu hiyo. Haifunguliwi kwa siku tatu na kufungwa. Hakuna daktari wa upasuaji aliyewahi kutoa ushuhuda kanisani kwamba kati ya maelfu Mungu alichagua fomu yake ya kodi. Kila mwenye sifa anapata, na haoni hata haya ya kuiita ruzuku.

Basi kura ilipigwa kwa maskini peke yao, juu ya kiasi ambacho watu wenye majina na anwani walikaa wakakikata. Kumpa Mungu sifa za uhaba huo ni kumsingizia.

Nikisema haya kuna ndugu hunijibu, "Kwa hiyo Mwalimu unataka waache kura, waangalie nani ana shida zaidi?" Hapana, na hapa nimekuwa mgumu kadiri ninavyozidi kujaza fomu. Ofisi nyingi huwatanguliza wenye shida fulani: wazee, walemavu, waliowahi kuwa jeshini, wasio na makazi. Inasikika vizuri. Sasa njoo ukae mezani kwangu. Dada mmoja alikuwa amehamia na watoto kwa shemeji yake, wanalala sebuleni, magodoro wanayaegemeza ukutani asubuhi ili watu wapite. Ana makazi au hana? Kwa kanuni wanazozitumia, anayelala sebuleni kwa ndugu mara nyingi hahesabiwi kuwa hana makazi. Angelala kwenye gari au kwenye kituo cha wasio na makazi angehesabiwa. Na sisi hatuwaachi watu walale kwenye gari. Kwa Waha, kwa Wabembe, kwa Wanyamwezi wenzangu, ndugu akifika usiku na watoto unaamsha wako wasogee. Kwa hiyo shemeji aliyefanya alilofundishwa na mama yake, na ambalo Injili inamwamuru, ndiye aliyemkosesha yule dada nafasi ya mbele. Ukarimu wetu unaificha dhiki yetu isionekane katika takwimu za watu.

Yule dada aliniuliza kama ahamie kwenye gari mwezi mmoja apate barua ya kuthibitisha. Alikuwa hatanii. Ndiyo maana naiheshimu kura kuliko anavyodhani ndugu yangu. Kura angalau haimtaki maskini ashindane na maskini mwenzake kwa kuonyesha vidonda. Foleni nayo ingewapa wenye intaneti nyumbani na kazi za mchana, si mtu anayekata nyama zamu ya usiku. Kama lazima wapate wachache, na wapate kwa kura. Ninachokataa ni hilo neno lazima.

Na tusisahau kwamba yule mama wa Fizi hakushinda nyumba. Alishinda ruhusa ya kutafuta. Ukipewa vocha unapewa angalau siku 60 kumpata mwenye nyumba anayeikubali, nyumba ikaguliwe na ofisi, ipite, bei iwe ndani ya kikomo. Mwaka 2021 jimbo letu lilipitisha sheria inayoizuia miji kuwakataza wenye nyumba kumkataa mtu kwa sababu tu analipa kwa vocha. Miji iliyokuwa na katazo hilo, Des Moines ikiwemo, ikalazimika kuliacha. Kwa hiyo wenye nyumba wanasema hapana kwenye simu bila kona. Tulimpigia simu kila mmoja aliyekuwa kwenye karatasi, mimi nikiongea, yeye akinisomea namba na kutia alama ya mkato kwa kila anayekataa. Ilibidi ofisi imwongezee muda. Nyumba aliyopata iko upande ule wa mji ambao basi halifiki Jumapili, ndiyo maana sasa tunamfuata kwa gari kuja ibadani. Kama Mungu ndiye aliyechagua jina lake, basi alimwachia mwenye nyumba wa kumi na kitu afanye uamuzi wa mwisho.

Kwa mzee wa Kalemie nilikwenda nyumbani kwake, maana mambo kama haya hayajibiwi kwenye korido. Nikamwambia: Baba, hukusomwa ukapitwa. Hakuna aliyekusoma. Mashine haikujua kwamba umemzika mke wako Nyarugusu, wala kwamba mguu wako una chuma. Mungu anayajua yote hayo na hakuyasema kwa njia ya kompyuta. Alinisikiliza, akasema, "Afadhali mashine isinijue kuliko Mungu kunijua na kuniacha." Kisha akaniuliza kama naweza kumjazia ya mji mwingine. Sijui kama nilimfariji au nilimchosha, lakini fomu tuliijaza.

Katika ibada zetu tumekubaliana, baada ya vikao virefu kuliko ilivyohitajika, kwamba anayepata vocha atoe shukrani kama anayeshukuru kwa kupona, bila kusema amechaguliwa kati ya wengine, na siku hiyohiyo tunawaombea kwa kundi wale ambao bado. Mchungaji aliona ni jambo dogo. Mimi naona ni fundisho la imani.

Kuna habari moja zaidi katika kile kitabu cha Hesabu, sura inayofuata ile ya kura. Binti watano wa Selofehadi waliona kwamba kwa utaratibu uliowekwa, jina la baba yao lingetoweka na wao wasingepata ardhi kwa kuwa ni wanawake. Hawakwenda nyumbani kusubiri kura iwaangukie. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote, wakasema utaratibu huu unatunyima. Musa akalipeleka neno kwa Bwana, naye akasema binti hao wamenena haki. Kanuni ikabadilishwa, na si kwao tu, kwa wote watakaokuwa katika hali yao.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliye huku, omba. Omba katika mji wako na miji ya jirani, sheria haikukatazi kuwa kwenye orodha zaidi ya moja. Usimlipe mtu hata senti, kuomba ni bure, na anayekuuzia nafasi kwenye orodha ni mwizi. Ukihama, wapelekee anwani mpya kwa maandishi, maana barua ikirudi bila kujibiwa jina linafutwa. Na usiishie kwenye kuomba. Kila ofisi ya nyumba hutakiwa kufanya kikao cha wazi kuhusu mpango wake, na tangazo lake hutoka angalau siku 45 kabla. Humo ndimo wanamopanga nani atangulizwe kwenye orodha na anayelala sebuleni ahesabiweje. Sisi tutakwenda, na mzee wa Kalemie ameomba aongee yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, mimi nifasiri.